Sura ya Tatu: Ng'ombe Hakosewi Jina

Ukiweza kusema ng'ombe, unaweza kuniita. Sina masharti mengine. Jina langu ni Ng'wandu, na sauti yake ya kwanza ndiyo ile ile ya ng'ombe, ya ng'ambo na ya kung'ong'ona. Ni sauti ambayo mtoto wa darasa la kwanza, awe wa Tanga au wa Kigoma, huitoa bila kuelekezwa ulimi aupeleke wapi. Nina miaka arobaini na saba sasa, na bado nasubiri watu wagundue hivyo.

Badala yake nimeitwa Nguandu, kwa g nzito kama ya ngumi. Nimeitwa Ungwandu na Ingwandu. Siku moja, kwenye zahanati iliyojaa watu mpaka barazani, niliitwa Nugwanda mara tatu, na mara ya tatu akainuka mama mmoja akaingia kwa daktari badala yangu. Fundi gari wangu wa Tabata amenihifadhi kwenye simu yake kama "Gwandu Prado". Gari nilishaliuza, jina limebaki. Na nimeitwa Mwandu mara nyingi kiasi kwamba mtu akiniita hivyo naitika bila kujiuliza, kama vile ndivyo nilivyozaliwa.

Kwa Kisukuma ng'wandu ni mbuyu. Nimelirithi jina kwa babu mzaa baba, naye sijui alilirithi kwa nani, maana kwetu majina huzunguka ukoo kama jembe zuri: anayeondoka humwachia anayekuja. Nilipokuwa shule ya msingi Morogoro, wenzangu walipojua maana yake waliacha kabisa kuhangaika na ng na w. Nilikuwa mwembamba, shingo ndefu, na kila mtu anajua mbuyu ulianza kama nini, basi wakaniita Mchicha. Sikuchukia sana. Mchicha angalau lilitamkwa lilivyo.

Tukae kidogo na sauti yenyewe, kwa sababu ugomvi wote uko hapo. Sema ngoma, polepole. Utasikia sehemu ya nyuma ya ulimi inagusa juu, hewa inapita puani, halafu kabla ya o panatokea kishindo kidogo. Kishindo hicho ndicho g. Sasa sema ng'ombe. Ulimi uko pale pale na hewa inapita njia ile ile, ila kishindo hakipo. Ulimi unaachia kimya kimya, kama mtu anayerudishia mlango ili asiamshe watoto. Ukitaka ushahidi, bana pua kwa vidole viwili kisha jaribu kuivuta sauti ile ya kwanza ya ng'ombe. Haitoki. Haina njia nyingine ila pua.

Ukiitoa hiyo, kisha ukaongeza "wandu", umemaliza kazi.

Mwingereza nimemsamehe mapema, kwa sababu yeye shida yake inaeleweka. Sauti anayo. Anaitoa kila anapofika mwisho wa jina la Beijing. Lakini katika lugha yake haikai mwanzoni mwa neno hata siku moja, kwa hiyo ukimpa Ng'wandu anakuwa kama mtu aliyezoea kutokea mlango wa uani, leo anaambiwa aingilie huo huo. Anasimama, anautazama. Hatimaye anaongeza i au e mbele ili apate pa kukanyaga, ndipo nakuwa Ingwandu.

Asiyeeleweka ni Mtanzania. Huyu amekunywa maziwa ya ng'ombe, ameng'oa jino, ameng'ang'ania chenji ya nauli kwenye daladala, halafu akiliona jina langu kwenye karatasi ananitazama kana kwamba nimemwandikia Kichina. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba neno la kutiliwa maanani katika sentensi hiyo ni karatasi.

Mwaka 1985 nilianza darasa la kwanza. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere aliondoka madarakani, na katika kuondoka kwake aliipa nchi neno ambalo wengi hawakuwahi kulitumia: kung'atuka. Inasemwa alilichukua katika Kizanaki, lugha ya kwao Butiama. Neno hilo lina ng' katikati, tena ng' ya watu wa bara, na nchi nzima ililimeza siku hizo hizo. Watu wa pwani walilisema, wahadhiri walilisema, walevi kilabuni walilisema kwa madaha. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyesema "kungatuka" kwa g. Baba yangu, mfanyakazi wa reli ambaye hakuwa mtu wa siasa, alilirudia pale sebuleni kama anaonja chumvi kwenye mchuzi.

Kwa nini lile lilipita na mimi nikakwama? Kwa sababu lile lilikuja kwa redio. Watu walilisikia kwanza, wakaliona gazetini baadaye, na walipoliona tayari mdomo ulikuwa unajua la kufanya. Mimi nilikuja kwa daftari la mahudhurio.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mama mpole, msafi, mwenye mwandiko wa kupendeza. Alinisikia nikisema jina langu, akaandika Mwandu. Nilipomwambia siyo hivyo alinijibu bila ukali: "Mwanangu, hapa tunaandika Kiswahili." Mama akaja shuleni kesho yake na kadi ya kliniki, ushahidi wa serikali, wenye muhuri. Wakaifungua pamoja. Nesi alikuwa ameandika Nguwandu. Mama akaifunga kadi, akaaga, na Mwandu likabaki daftarini kwa miaka saba.

Simlaumu yule mwalimu, na nadhani aliponisikia alisikia sawasawa. Alichofanya ni kutafsiri. Mtu yeyote aliyekaa kati ya Kisukuma na Kiswahili hujifunza upesi kwamba kila penye mw kwa Mswahili, Msukuma anayo ng'w: mwana ni ng'wana, mwaka ni ng'waka, mwezi ni ng'weji. Ni ubadilishanaji wa haki kabisa, kama wa noti na sarafu. Hata ile salamu ya asubuhi ambayo kila Mtanzania humrushia Msukuma akitaka kumtania, "Mwangaluka!", kule yenyewe inaanza na ng'w. Nina mtani wangu Mzaramo, jirani yangu wa siku nyingi, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi ananisalimia hivyo kila asubuhi akiamini ananiheshimu kwa lugha yangu. Anaikosea pale pale anapolikosea jina langu, silabi ile ile. Angalau hana ubaguzi.

Lakini jina la mtu halibadilishwi kama noti. Mabula ni jina lenye mvua ndani yake, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwita Mabula Mvua. Anayeitwa Kulwa hageuzwi kuwa Pacha wa Kwanza. Hayo yanaachwa kwa sababu yanaandikika; herufi zake zote zipo sokoni. Mhoja tayari anapata shida, maana ile mh ya Kisukuma hutolewa kwa pumzi moja, na wengi humtia u katikati akawa Muhoja. Ng'wandu ndiye anayefutwa na kuandikwa upya.

Kazi yangu ni upimaji ardhi, na kazi hiyo imenifundisha kwamba yaliyonipata mimi yamezipata wilaya nzima. Wajerumani walipoingia nchini waliandika walivyosikia, kwa herufi za kwao. Ujiji ikawa Udschidschi, herufi kumi na moja kwa mji wa herufi tano. Kilimanjaro ikawa Kilimandscharo. Na mji ule wa mawe kando ya ziwa, ambao Wasukuma huuita Ng'wanza, ukaandikwa Muansa. Walipoondoka, u ile ikanyooshwa kuwa w na s kuwa z, nasi tukapata Mwanza. Ukitaka kuchunguza, mchukue mzee wa Magu au Kwimba umpandishe basi, umuulize anakwenda wapi. Sikiliza silabi ya kwanza.

Ramani zetu za 1:50,000 za Shinyanga na Simiyu zimejaa Mwa: Mwanhuzi, Mwandoya na mengine mengi. Midomoni mwa wenyeji ni Ng'wa tupu, kiambishi kinachosema hapa ni kwa fulani. Ukiyasoma kwa macho ya Kiswahili yanakuwa majina tu yanayofanana. Ukiyasikia kwa Kisukuma yanakuwa orodha ya wenye mahali.

Nami nimo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kazini wilayani Meatu, tunahakiki majina ya vitongoji. Mzee mmoja alinitajia jina la mahali pake, kwa ng'w safi. Nikaliandika kwa Mwa, kwa sababu karatasi ya ramani ya jirani ililiandika hivyo na utaratibu ni kwamba karatasi mbili zisipingane. Mzee akanyoosha shingo kutazama ninachoandika. Akaniuliza jina langu. Nikamwambia. Akatazama tena karatasi, akanitazama mimi, akacheka kwa pua.

"Ng'wandu," akasema, "halafu unaandika Mwa."

Sikuwa na jibu, na karatasi ile imechapwa hivyo hivyo.

Tuje kwenye ritifaa, kile kialama kidogo kinachoning'inia baada ya g. Waliosanifisha maandishi ya Kiswahili walikuwa na sauti mbili na jozi moja ya herufi, wakaona wamtie g wa ng'ombe kidole mdomoni: nyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya ritifaa hapa, na hana nyingine. Kulikuwa na njia mbadala. Taasisi ya Kimataifa ya Afrika, London, katika mwongozo wake wa miaka ya 1920 wa kuandika lugha za Kiafrika, ilipendekeza herufi moja kamili kwa sauti hii, n yenye mkia uliopinda: ŋ. Waganda waliipokea katika tahajia yao rasmi ya mwaka 1947 na ipo mpaka leo. Lakini hata wao, akikaa mtu mbele ya taipureta isiyo na mkia huo, aliandika ng' kama sisi. Mashine hushinda kamati.

Ritifaa ana tabia ya kutangatanga kama mbuzi asiyefungwa. Angalia lilivyoandikwa jina la Ng'wanamalundi, yule mganga wa Usukuma aliyevuma enzi za ukoloni. Kuna wanaoandika Ng'wanamalundi, kuna wanaoandika Ngw'anamalundi, na kuna wanaomwandika Mwanamalundi wakapumzika. Mimi msimamo wangu ni kwamba ritifaa akae mgongoni mwa g, kwa sababu g ndiye anayenyamazishwa. Ukimweka baada ya w umemfunga mtu asiye na kosa. Jina langu pia lilipata bahati ya kuwa magazetini kwa miaka mingi, kwa sababu tulikuwa na Dakta Pius Ng'wandu, Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu. Kuna siku nilisikia msomaji wa taarifa ya habari akilitamka redioni bila kuteleza. Nilikuwa kijana mkubwa tayari, nanyoa ndevu. Niliacha wembe hewani.

Kisha zikaja kompyuta. Katika lugha nyingi wanazotumia waandishi wa programu kuulizia hifadhi za taarifa, ritifaa ndiye anayefungua na kufunga maneno, kama alama za usemi kitabuni. Basi programu iliyoandikwa kizembe ikifika kwenye Ng' hudhani sentensi imekwisha, na hicho kinachofuata, "wandu", hakijui ni mnyama gani. Kuna wahalifu wanaoutumia udhaifu huo kuingia mahali wasipotakiwa, ndiyo maana programu nyingine zimeamua kumkataa ritifaa tangu mlangoni. Waairishi wenye majina kama O'Brien wanateseka nasi. Ni udugu ambao sikuutegemea.

Kwa hiyo nikawa naketi mbele ya kijana wa ofisi moja, anaandika, kioo kinatoa maandishi mekundu, anaandika tena.

"Mzee, mfumo unakataa. Hako kakoma ka juu tukatoe tu? Hakana kazi."

"Ndiko kenye kazi yote."

"Basi niweke bila, ila wewe utajua kapo."

Sijawahi kusikia sera ya majina iliyoelezwa kwa ufupi namna hiyo. Nikasaini.

Ukitaka kuona mambo haya kwa macho, chukua hati ya kusafiria. Kwenye yangu, sehemu ya juu pembeni mwa picha, limeandikwa NG'WANDU, lote, na ritifaa wake. Shuka chini ya ukurasa, kwenye ile mistari miwili ya herufi nene zilizojaa alama kama pembe za ng'ombe zilizolala. Mistari hiyo ni ya mashine. Kila mmoja una nafasi 44, na kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinaruhusu humo herufi A mpaka Z, tarakimu, na ile pembe ya kujazia. Ritifaa hana kiti; kanuni inasema aondolewe, herufi zisogeleane. Kwa hiyo chini naitwa NGWANDU. Ukurasa mmoja, sentimita chache, watu wawili. Afisa wa uwanja wa ndege husoma wa chini, na tiketi hukatwa kwa jina la wa chini. Wa juu husafiri bure.

Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha shule vile, benki wana la kwao. Mwaka nilipotaka kununua kiwanja ikabidi niende kwa wakili kuapa kwamba mimi, Ng'wandu, ambaye pia ninajulikana kama Ngwandu, Mwandu na Nguwandu, ni mtu mmoja na yule yule. Wakili alinisomea hati kwa sauti kabla sijatia sahihi, kama sheria inavyotaka. Majina manne. Alikosea moja tu, la kwanza.

Wapo waliojaribu kupima gharama ya haya yote. Mwaka 2012 Simon Laham, Peter Koval na Adam Alter walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu huwapendelea wenye majina mepesi kutamka, hata bila wao wenyewe kujua, na kwamba katika kampuni za mawakili Marekani waliokuwa na majina mepesi walielekea kukaa vyeo vya juu zaidi. Naamini. Lakini jina langu ni jepesi kuliko yote katika kijiji cha baba yangu. Mtoto anayejifunza kusema hulitoa kabla ya "samahani". Wepesi haukai ndani ya jina. Unakaa ndani ya mdomo unaoliita, na midomo inatofautiana kwa ilichokula utotoni.

Hata sisi tunaojiona mafundi wa ng tuna madeni. Mchukue Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwezi Mei 2025. Jina lake lina ng zote mbili, ya ngoma mwanzoni na ya ng'ombe mwishoni, na hizo tunaziweza. Lakini zile alama zilizokaa juu ya u na i hazikuwekwa kwa mapambo: katika Gikuyu ũ inaelekea o, na ĩ inaelekea e. Na th ya Thiong'o si ya thelathini, ni kama dh ya dhahabu. Miaka yote hiyo tumesoma riwaya zake, tumemsifu kwa kuliacha jina la James, kisha tukaendelea kumwita lile lingine tulivyopenda.

Lupita Nyong'o ana ng' moja tu, katikati. Usiku ule wa Machi 2014 alipochukua Oscar, nilikuwa nimekaa macho na mke wangu kusubiri jina lake watalifanyaje. Kumbe jina lililovunjwa usiku huo lilikuwa la Mmarekani mwenzao: John Travolta alimkaribisha jukwaani mwimbaji Idina Menzel kwa jina la Adele Dazeem, mbele ya mamilioni ya watu. Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilimhurumia yule mama. Alikuwa anakwenda kuimba na ilibidi kwanza ameze jina la mtu asiyekuwepo.

Niliwahi kwenda Uholanzi kwa mafunzo ya miezi mitatu ya ramani. Tulikuwa watu wa nchi kama kumi na mbili, na kila asubuhi mmoja wetu alipewa orodha asome majina. Siku ya zamu yangu nilijiandaa. Nilijua uchungu wa jambo hili kuliko wote mle ndani, kwa hiyo nilisoma kwa adabu, herufi kwa herufi, sikuruka kitu. Nikamfikia dada mmoja wa Vietnam, jina la ukoo Nguyen. Nikasoma kama Mswahili: Ngu, kwa g kamili ya ngumi, ye, ni. Nguyeni. Akainua mkono, akatabasamu, tukaendelea.

Wakati wa kahawa alinijia akaniuliza jina langu linatamkwaje, kwa sababu walimu walikuwa wakinibatiza upya kila siku naye amechoka kubahatisha. Nikamwambia. Akalirudia.

Akalirudia sawasawa. Mara ya kwanza, ng' laini, w juu yake, bila kishindo, kama amezaliwa Maswa. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Nikamuuliza amejifunzia wapi, akanishangaa, akanyoosha kidole kwenye kadi iliyokuwa kifuani mwake na kulitamka jina lake taratibu. Ng'wi-en. Lilianza pale pale langu linapoanzia, ng' na w zimeshikana. Nilitazama kadi yake, nikatazama yangu. Herufi mbili za mwanzo ni zile zile, na asubuhi ile nilikuwa nimemfanyia kosa lile lile nililofanyiwa tangu darasa la kwanza, tena kwa sababu ile ile. Nilimsoma kabla ya kumsikia.

Baadaye nilifuatilia. Maandishi ya Kivietnamu kwa herufi za Kilatini yalianzishwa na wamisionari Wajesuti. Alexandre de Rhodes alichapisha kamusi yake Roma mwaka 1651. Hawakuhitaji ritifaa kwa sababu lugha ile haina ng ya ngoma ya kuichanganya na hii. Ng yao siku zote ni ya ng'ombe. Jina Nguyen linabebwa na mamilioni ya watu. Wengi wao walioko Marekani wamekubali kuitwa Win, kama nilivyokubali Mwandu. Yule dada aliniambia yeye hakukubali, ila pia hasahihishi mtu zaidi ya mara mbili. Mara ya tatu, alisema, unaanza kuonekana mgomvi. Nilidhani mimi peke yangu ndiye nina hesabu hiyo.

Mpaka hapo ningeweza kuisimamisha sura hii nikabaki mwenye haki. Lakini Desemba iliyopita nilikwenda kijijini.

Shangazi yangu ana zaidi ya miaka themanini na ndiye aliyebaki wa tumbo la baba. Alikuwa amekaa chini kwenye kivuli, miguu imenyooka, anakata viazi vitamu vipande vyembamba vya kuanika. Kule vikikauka ndiyo michembe, chakula cha miezi ya njaa. Nilimwamkia kwa Kisukuma changu cha likizo, nikajitambulisha, kwa sababu macho yake yamefifia. Nikasema jina langu.

Kisu kikasimama. "Nani?"

Nikarudia. Akacheka, akamwita jirani aje asikie. Jirani akaja na mtoto mgongoni. Nikaombwa kurudia tena.

Ng' yangu haikuwa na kasoro, hilo walilikubali. Shida ilikuwa wimbo. Kisukuma ni lugha ya toni. Sauti hupanda na kushuka kwa kanuni zake, tena mpando wa neno moja unaweza kuhamia mbele ukaangukia jingine, kwa hiyo jina likiwa peke yake lina sura moja na likiwa ndani ya sentensi lina nyingine. Mimi nimekulia Morogoro na Dar es Salaam. Nilikuwa nalisisitiza silabi ya pili kutoka mwisho, kama Mswahili yeyote anavyofanya kwa kila neno alilowahi kukutana nalo. Miaka arobaini nimewasahihisha watu jina ambalo mimi mwenyewe nalisema kama mgeni.

Shangazi alinifundisha jioni ile yote. Analisema, nalisema, anatikisa kichwa, anakata kiazi. Mara moja alisema "hapo hapo", nikajaribu kulishika, likaponyoka.

Asubuhi nilikaa kwenye kigoda nje ya jiko, naangalia kuku. Nikasikia ndani akiita mtu. Akaita tena kwa nguvu zaidi, sauti ikipanda mahali na kushuka mahali, nikadhani anamwita mmoja wa wajukuu akafungue ng'ombe. Akaita mara ya tatu. Sikugeuka. Kukawa kimya kidogo, halafu akatoa kichwa mlangoni, bakuli la uji mkononi, akajaza hewa kifuani.

"Wewe Mwandu!"

Nikainuka mara moja.